Nilikusikia, Somoe

Somoe, mtani wangu,

Barua zote ninazowaandikia watu wa hapa Nambambo wasiojua kuandika huanza namna moja: mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali na macho yangu. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi hata mkono unakwenda wenyewe. Leo nimeyaanza mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi. Mimi si mzima. Na wewe huna hofu tena, umeniachia mimi yote.

Kesho ni arobaini yako. Watasoma hitima uani kwa mama yako, watu watakula, halafu mama yako atasimama mbele yao na kunikabidhi Mwanaidi. Amekwisha kuamua. Anasema macho yake yanakwenda, hawezi kumfukuzia mtoto wa miaka mitatu anayekimbilia moto kila ukigeuka. Baba yake mtoto yuko huko kwenye mkonge, na hata neno la pole hajaleta. Anasema hakuna mtu anayefaa kumlea mtoto wako ila yule aliyeingia majini kukuokoa.

Yule ni mimi. Ndivyo wanavyonisifu tangu siku ile. Kisimani wananipisha nichote kwanza. Wazee wanaanza wao kunisalimu. Na si kwamba nimenyamaza, Somoe. Nimemwambia mama yako ukweli mara mbili, kwa kinywa changu, na hakuniamini.

Nilikusikia. Uliponiita nilikusikia vizuri kabisa. Sikuwa mbali, na mvua haikuzuia sauti yako. Nilikuwa nimeketi juu ya jiwe nikichambua uyoga, na nikacheka.

Nianze nyuma kidogo, maana nikianzia hapo nitashindwa kuendelea.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa bibi harusi wa wiki moja, nimetoka kwetu Nanganga, simjui mtu. Nikaja kisimani na mtungi mpya niliopewa na shangazi yangu. Ukaniuliza kabila langu. Nikasema Mngindo. Ulinipokonya mtungi, ukajitwika, ukaenda nao kwako. Wanawake wote wakacheka, mimi nikabaki nimesimama mikono mitupu, machozi yananilenga. Mmoja akanionea huruma akaniambia, "Huyo Mmwera. Kakuta mtani wake." Basi nikafuta macho, nikakufuata mpaka jikoni kwako, nikaepua chungu cha kunde kikiwa kinachemka, nikaenda nacho kwangu. Jioni ulikuja kula kunde zako kwenye mkeka wangu. Ulisema Wangindo hawajui kitu cha moto, wamezoea kulamba asali porini. Nikakuambia Wamwera hata wakila cha moto hawaungui, midomo yao imetangulizwa kisahani. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Mama yako mwenyewe, na ndonya yake, kisahani hicho hicho, kwenye mdomo wa juu, nilipomrudia maneno hayo kesho yake alicheka kuliko wewe.

Miaka saba, Somoe. Haikupita siku bila wewe kuniibia kitu na mimi kukutukana.

Lakini ulikuwa na utani wako mmoja ambao mimi sikuuweza. Ulipenda kufa. Unakufa kisimani, unakufa kwenye kinu, unakufa ukiwa umeshika mwiko. Mwaka juzi tukipalilia ufuta wako ulipiga yowe, "Nyoka!" ukaanguka kati ya matuta, macho yamegeuka meupe yote. Nilikutikisa. Ukaninong'oneza kwa shida, "Hadija, si utani, nakufa." Nilikimbia mpaka barabarani nikipiga ukunga. Wanaume walikuja na kitanda cha kukubebea. Nililia mbele ya watu, nikajitupa chini, nikasema maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, kwamba sina ndugu hapa ila wewe. Ukainuka, ukajikung'uta majani, ukasema, "Mngindo, umenililia vizuri. Nikifa kweli uje hivi hivi."

Watu walinicheka mpaka mavuno. Watoto wakiniona wanageuza macho na kujitupa chini. Mimi nilicheka nao, ningefanyaje, utani hauna kununa. Ila moyoni niliapa kwamba kifo chako hakitanipata tena. Ndiyo maana nasema kosa lilianza siku ile kwenye ufuta, si kule mlimani.

Kule mlimani uliomba wewe twende. Mume wako alikuwa amefanya kazi huko, wakati wazungu wa mashamba ya karanga walipotaka maji ya bomba huku Nachingwea. Alikata miti mbele ya makatapila, akakusimulia jinsi walivyoziba bonde kati ya vilima viwili, akakuahidi kwamba likijaa atakupeleka uone. Likajaa yeye akiwa amekwenda mkonge. Ukawa unasema kila mara, "Mimi nitayaona hayo maji ya wazungu, hata kama ni kwa miguu yangu." Msitu wote wa mlima ule Serikali ilikuwa imeufunga, hakuna kukata kuni wala kuwinda wala kuchuma. Ukasema siku ya mvua askari wa msitu hatoki kwake, anachoma mahindi. Tutapita, tutaona maji, tutarudi na uyoga. Mwanaidi tukamwacha kwa mama yako.

Tulitoka alfajiri. Ulikuwa umekunja gunia la karanga pembe moja ikaingia ndani ya nyingine, umelivaa kichwani mpaka mgongoni, na mimi hivyo hivyo. Tulifuata njia ya upande wa Ruangwa, matope yanatukamata miguu, wewe unaimba. Tulipofika kwenye mawe meupe ya mpaka uliyapigia saluti. Nikakwambia nitamwita askari akukamate. Ukasema, "Mwite, nitamwambia nimekuja kumtafuta Mngindo aliyepotea, hawa hurudi msituni wenyewe."

Uyoga ulikuwa mwingi ajabu. Sijauona tena uyoga wa namna ile. Kabla jua halijafika utosini, kama lingekuwapo, kikapu kilikuwa kimejaa.

Halafu tukayaona maji. Wote wawili tulinyamaza, na wewe kunyamaza ni jambo la kuandikwa. Sisi tunajua maji yanayopita mtoni na maji yaliyo chini kisimani. Hatujaona maji yaliyolala bonde zima bila kwenda popote. Miti ilikuwa imesimama katikati yake, imekufa, haina jani. Mvua inapiga juu ya maji na ukungu unashuka kilimani. Nilihisi baridi nikataka tuondoke. Wewe ulisema, "Kumbe hakunidanganya." Ulisema polepole, kama mtu anayezungumza na mumewe. Nilitaka kukutania juu ya hilo, nikaacha. Ndilo jambo jema pekee nililolitenda siku ile.

Ukasema unakwenda kunawa matope ya miguu. Mimi nikapanda kidogo, nikaketi kwenye jiwe chini ya mti, nikamwaga uyoga kwenye gunia langu kuuchambua. Ukingo ulikuwa umeinuka, kwa hiyo wewe sikukuona. Ulikuwa kama kutoka mlangoni kwangu hadi kinuni kwako. Unapajua umbali wake.

Uliita, "Hadija! Nakufa huku!"

Nikajibu. Nataka uyasome niliyojibu, hata kama uliyasikia. Nilisema, "Kufa upesi, khanga yako mpya naitaka!"

Ukaita tena, "Hadija, si utani! Si utani!"

Hapo ndipo nilipocheka. Maneno yale yale ya kwenye ufuta, Somoe! Nikasema moyoni, leo hunipati. Nikakuigiza sauti, nikapaza, "Si utani, si utani," nikacheka peke yangu chini ya mti.

Mara ya tatu hukumaliza jina langu.

Nilichukua uyoga mwingine. Ulikuwa na funza, nikautupa. Nikachukua mwingine. Niliona kimya chako ni ujanja wako, kwamba umejibanza ukingoni unangoja nije nikikimbia ili unicheke mpaka mavuno mengine. Nikapiga kelele, "Baki huko huko, mimi nakwenda zangu nyumbani." Nikangoja utoke umenuna. Nikarudisha uyoga kikapuni wote, mmoja mmoja, bila haraka. Nikajifunga khanga upya. Ndipo nikashuka, na hata wakati huo nilikuwa nikitembea taratibu kwa makusudi ili usione nimeogopa.

Kwenye udongo mwekundu kulikuwa na mistari miwili mirefu ya visigino, inashuka mpaka majini. Gunia lako lilikuwa linaelea.

Niliingia. Hilo ni kweli, niliingia. Niliingia mpaka kifuani, tope likanishika miguu, nikanywa maji, nikapapasa huku na huku na sikushika kitu. Na nilikuwa nasema, hujui nilivyokuwa nasema. Nilikuwa nasema, "Basi, umeshinda. Nimekubali, umeshinda. Toka." Niliendelea kusema hivyo hata nilipojua. Kisha nikajikokota nje na kukimbia mpaka nyumbani kwa askari wa msitu, yule tuliyekuwa tunamkwepa.

Alikuja na wanaume wawili na mti mrefu. Walikupata karibu kabisa, Somoe. Karibu na ukingo. Askari aliniona nilivyolowa hadi shingoni, tope usoni na mdomoni, akawaambia wenzake, "Huyu mama amehangaika, angekufa naye." Nilikuwa natetemeka meno, sikujibu. Akatoa blanketi lake mwenyewe tukakufunika. Na maneno yake yakatangulia kufika Nambambo kabla ya mwili wako. Tulipoingia kijijini watu walikuwa wamekwisha kuyashika, wanaume wananishika mkono kunipa pole na kunisifu.

Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Kwenye kucha zako kulikuwa na udongo mwekundu, umejaa mpaka ndani. Wenzangu waliutoa kwa kijiti na kuendelea na kazi, maana nani hana udongo kwenye kucha wakati wa masika. Mimi nilijua ni wa nini. Ulikuwa unakwaruza ukingo huku unanisikia nikicheka.

Sikulala siku zile, na sikula. Watu walisema ni majonzi.

Siku ya kumaliza matanga mama yako aliniita. Ulijua desturi, mtani ndiye wa kuchekesha msibani, na mimi nilikuwa nimejificha jikoni na wapishi. Akaniambia, "Mtani, mbona matanga ya mwanangu baridi hivi? Yeye hakupenda watu wa kununa." Wakanivika nguo zako. Wakanifunga khanga yako mpya, ile ile. Wakanisukuma katikati ya uwanja nikuigize.

Nikakuigiza. Nilitembea unavyotembea, mkono kiunoni, kidevu juu. Nilitwanga mtama bila mtama, huku nikimsema kila aliyepita. Wakaanza kucheka. Nikamsema mama yako mwenyewe, nikazisema pilau za misiba ya Wamwera zenye nyama moja ya kuazima. Wakacheka zaidi. Ndipo mtu akapaza sauti nyuma, "Tuigizie anavyokufa!" Na wote wakaitikia, "Ehe! Kufa! Kufa!"

Nilijitupa chini. Sikufikiri nitasema nini. Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa, "Hadija! Nakufa huku! Hadija, si utani!"

Wakacheka, Somoe. Walishikana mabega wakacheka. Mama yako alicheka mpaka machozi yakamtoka na ndonya ikamcheza, naye alikuwa hajacheka tangu tukulete. Nimelala chini katika nguo zako, naita jina langu, nainua mkono, na uani kumejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeinuka kuja kunishika. Mwingine angefarijika. Angesema, basi, yeyote angekosea kama mimi. Mimi halikunifariji hata kidogo. Wao hawakuwa kando ya maji.

Alasiri ile ile, watu walipopungua, nilimfuata mama yako nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama, aliniita. Nilimsikia nikacheka, sikuinuka." Alinitazama. Nikaona midomo yake inatetemeka nikafikiri sasa ameelewa. Kumbe anazuia kicheko. Akanipiga bega, akasema, "Wee Mngindo wee! Hata kifo cha mwanangu unakitia chumvi?" Akawaita wenzake awasimulie. Nikainuka nikaenda nyumbani.

Nikwambie ukweli, maana nikikudanganya wewe nitakuwa sina tena wa kumwambia. Njiani nilifurahi. Nilijiambia, nimesema, wamekataa, si kosa langu tena. Nikala ugali siku ile kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo mvua zimekatika. Karanga zako nimezing'oa mimi, nimezianika juu ya paa la mama yako. Mbaazi zimeanza kutoa maua. Askari wa msitu amejenga ua wa miti kuzunguka ule ukingo, kwa mikono yake, hakuna aliyemtuma. Wanawake hawaendi tena kule kuchuma chochote, hata pasipokatazwa. Kikapu chetu cha uyoga alikileta yeye nyumbani kwangu siku ya pili, akidhani ananitendea wema. Nikaufukia nyuma ya nyumba.

Na Mwanaidi anakuja kwangu kila siku. Unajua nimekaa miaka saba nikingoja mtoto, na unajua nilivyokuwa nikikujibu unaponitania juu ya hilo, na jinsi siku moja ulivyoona sijacheka ukaacha kabisa, hukurudia tena. Sasa mtoto ananipanda mapajani, anasinzia, jasho lake linanilowesha. Mume wangu amemchongea kitanda kidogo na kukisuka kamba. Hakuniuliza. Nilikikuta tu, kimeegemezwa ukutani, kizuri. Juzi mtoto aliniuliza, "Wewe uliingia kwenye maji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona hukumvuta mama?" Nilimpa muhogo. Nilimziba mdomo mtoto wako kwa muhogo, Somoe.

Mama yako alipoleta habari ya kunikabidhi, wiki iliyopita, nilimwambia mara ya pili. Safari hii nililia. Nilimwambia kila kitu, maneno yako na maneno yangu, hata ule uyoga wenye funza. Akaweka mkono shavuni, akasema kwa uchovu, "Acha, mwanangu, leo sina mbavu za kucheka. Mtani hata akilia usimwamini, ndivyo mama yangu alivyonifunza." Akaendelea kuzungumzia nguo za mtoto.

Nifanye nini na mdomo ambao haujawahi kusema jambo likaaminiwa katika nyumba ile? Nimewatania miaka saba. Nimewaambia nyumba inaungua wakati haiungui. Nimewaambia mbuzi wao amekufa nikiwa nimemfunga kwangu. Wewe na mimi tuliyamaliza maneno yote ya kweli kwa mchezo, na siku tulipoyahitaji, wewe kwanza na mimi baadaye, hakuna lililobaki.

Nimekukasirikia pia. Niache niseme. Usiku na mchana nakukasirikia. Kwa nini ulikufa mara nyingi vile? Kwa nini hukuweka neno moja pembeni, neno ambalo tungekubaliana kwamba hili halichezewi? Halafu nakumbuka udongo wa kwenye kucha, hasira inageuka inanirudia mimi. Wewe uliteleza. Mimi niliketi. Mimi nilikuwa na miguu yangu miwili mizima na kamba ya kuni kiunoni, Somoe, kamba nilikuwa nayo. Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka mstari huu.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani anayenidai neno hili. Kesho nikinyoosha mikono tu nitapewa mtoto, na atakua akiambiwa na kijiji kizima kwamba mama yake mlezi aliruka majini. Atanipenda kwa ajili hiyo. Kila nikimtazama akila nitakuwa najua anakula kwa uongo wangu. Siku akianguka akaniita, nitaogopa kuinuka na nitaogopa kuketi. Siwezi. Nimejaribu kujiona nikiweza, siwezi.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa chuo, anayewasomesha watoto Kurani. Nikamwomba kesho aje na msahafu, nataka kuushika na kusema jambo mbele ya watu kabla hitima haijaanza. Akaniuliza jambo gani. Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza ambaye hakucheka. Akasema, "Ukiapa kwa msahafu mbele ya wenye msiba, utani umekwisha. Hawatakutania tena, wala hutawatania. Umefikiri?" Nikasema nimefikiri. Sikuwa nimefikiri hilo. Nimelifikiri njiani kurudi, na nililia kuliko nilivyolia siku tuliyokuzika, maana wewe umekwisha kuondoka, na sasa kilichobaki chako nitakivunja kwa mkono wangu.

Mume wangu pia nimemwambia. Yeye ananijua ninaposema kweli, ni yeye peke yake. Alikwenda kukitazama kile kitanda, akakisogeza kidogo, akachukua jembe akaenda shambani. Mpaka sasa hajarudi.

Sijui Mwanaidi atalala wapi kesho. Wakimchukua sitagombana nao, na wakiniita muuaji sitajibu. Wakinifukuza kijijini nitarudi Nanganga, nitalima shamba la shangazi. Na kama kwa rehema za Mungu mama yako bado atanipa mtoto baada ya kusikia, nitamlea akijua. Nitamwambia mwenyewe, akifika umri wa kuelewa, na nitamwambia habari ya kamba.

Kwaheri, mtani wangu. Hii ndiyo mara ya mwisho ninakuita hivyo, kuanzia kesho nitakuita Somoe tu, kama watu wengine. Nisamehe kama huko mnasamehe. Kama hamsamehi, basi nipe nguvu ya magoti tu, nisimame.

Nakuahidi hili. Kesho nitatawadha, nitavaa kaniki yangu, nitashika msahafu uani kwenu. Nitasema uliniita mara tatu, na kwamba nilikuwa karibu, na nilikusikia. Najua watacheka kwanza, kwa sababu ni mimi. Sitaketi wala sitacheka nao. Nitangoja pale pale, nimeushika, mpaka mama yako aache kucheka.

Hadija